Sikuomba Unga

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
14 Januari 2025

Mjomba Abubakary, shikamoo.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Kilwa pale Rangi Tatu, yule mwenye kovu kidevuni, maana ndiye aliyekufikishia ile ya mwaka jana bila kuifungua. Simu najua huisikii, na ukiisikia unaifokea, kwa hiyo tuendelee kuandikiana hivi hivi kama watu wa zamani.

Mama anakusalimu sana. Magoti yake yamekubali dawa mpya, siku hizi anashuka ngazi mwenyewe kwenda kugombana na wauza maji. Anauliza Ramadhani iliyopita uliishi vipi peke yako, mbona hukuja kwetu kama kawaida yako. Nimemwambia nitauliza, basi nimeuliza. Mwanangu Salma ameingia kidato cha pili, amenipita urefu na ananikumbusha kila siku. Mimi nipo na vifungo vyangu, zipu na uzi, kibanda kile kile cha Mtaa wa Narung'ombe. Januari unaijua mwenyewe, fundi anakuja kununua zipu moja na bado anaomba apunguziwe.

Sasa nisikilize, maana hili jambo limeninyima usingizi.

Kuna kampuni ya vifaa vya picha, ya mzee mmoja wa Upanga anaitwa Manubhai, anaiendesha na binti yake Krupa. Wametangaza watadhamini wapiga picha wa ridhaa watatu, yaani watu kama mimi, wasiokula kwa picha. Wanakupa kamera na lenzi, unafanya kazi zako mwaka mzima, unawaonyesha watu kwamba umetumia vifaa vyao, na mwaka ukiisha vinabaki vyako. Mjomba, niliposoma lile tangazo nilikaa chini juu ya gunia la uzi.

Unajua hali yangu. Kamera ninayo, ile niliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na lenzi yake moja. Nje mchana haina neno. Lakini kazi yangu mimi ipo ndani, kwenye stoo za chini ya maghorofa, wanakoshusha marobota. Makuli wanafanya kazi humo kwa taa moja tu. Nikipiga, magunia yanatoka na watu hawatoki. Miaka minne nawafuata watu wale, wameshanizoea, hawajipangi tena wakiniona. Kuna picha naiona kabisa kwa macho yangu, nainua kamera, naikosa. Inaniuma mpaka chakula hakishuki. Nikipata lenzi inayoona gizani, nitafanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya Kariakoo hii. Nalisema bila aibu kwa sababu nakuambia wewe uliyenifundisha.

Nimeandika barua ya maombi. Nakala nimeiweka humu, isome uniambie. Mwisho wa kupokea ni tarehe ishirini na nane Februari.

Mpwa wako,
Shamsa


Kilwa Kivinje
2 Februari 2025

Mwanangu Shamsa, marahaba.

Barua imefika, ila huyo kondakta wako alikuwa ameikalia, ina mkunjo wa makalio. Huku joto. Kuku walikuwa tisa, wamebaki saba, kuna kicheche anajiona mwenye nyumba. Mwambie dada yangu Mwanamkuu awaache wauza maji watafute riziki. Salma kurefuka ni upande wetu huo, upande wa baba yake wote wafupi.

Nakala yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umetia barua ya mtu mwingine kwa kukosea bahasha.

Umeanza hivi: "Mimi ni mama nisiye na mume, natembeza vifungo, nalea mtoto na mzazi mgonjwa." Unatembeza? Una kibanda chenye kufuli na kiti cha wateja. Mzazi mgonjwa? Huyo anayegombana na vijana wa madumu? Kisha: "Kwa unyenyekevu mkubwa naomba mnitazame kwa jicho la huruma." Lo! Nimefika mwisho wa ukurasa sijui kama huyu mwandishi anajua kushika kamera. Hakuna mstari hata mmoja unaosema umepiga nini, wapi, kwa miaka mingapi.

Mimi nilikuwa na studio Mtaa wa Swahili miaka thelathini na mmoja. Wauza filamu walikuwa wananiletea maboksi ya karatasi za picha bure kila mwaka. Unadhani niliwalilia? Niliwaambia, wiki ya Idi foleni ya kwangu inafika kona, leteni kalenda yenu niitundike watu waione. Wakaleta kalenda, na karatasi wakaleta. Mdhamini anatafuta mahali pa kuweka jina lake. Mwonyeshe ukuta wako ulivyo mzuri. Wewe unamwonyesha paa linalovuja, atakufanyia nini zaidi ya kukuonea huruma?

Andika upya. Picha ishirini mbele, maneno nyuma, na maneno yawe machache. Wala usiende kwa mwenyekiti wala mtendaji kutafuta barua ya muhuri. Muhuri wa mtaa ni wa misiba na misaada. Picha haihitaji kutambulishwa na serikali.

Usinikasirikie. Nakuambia hivi kwa sababu jicho lako nalijua, nililifundisha mimi.

Mjomba wako,
Abubakary


Kariakoo
20 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama anasema hukujibu swali lake la Ramadhani, na amenituma niandike kwamba amegundua. Salma amepata ya tatu darasani kwenye hesabu. Mtaani wanachimba mtaro wa maji machafu, tunapita kwenye ubao.

Barua yako imenifikia tarehe kumi na tano. Yangu kwa Manubhai nilishaipeleka mwenyewe kwa mkono tarehe tatu. Najua, najua. Niliogopa mambo ya mwisho mwisho, nikasema bora niwahi. Picha niliambatanisha. Mengine tuyaache, tumwombe Mungu, majibu hayako mbali.

Pole kwa kuku.

Shamsa


Kilwa Kivinje
3 Machi 2025

Shamsa,

Marahaba, na Ramadhani njema kwenu nyote. Mpe Salma hongera.

Wewe ukiandika kwa ufupi una jambo, nakujua tangu unatambaa. Nijibu mawili tu. Uliweka picha ngapi? Na barua ya muhuri ulikwenda kuichukua au hukwenda?

Swali la mama yako nitalijibu nikijisikia.

Abubakary


Kariakoo
19 Machi 2025

Mjomba, shikamoo na swaumu njema.

Mama mzima, Salma mzima, funga inatupeleka vizuri. Nikianza kukusimulia habari za nyumbani nitakuwa nachelewesha, kwa hiyo acha niseme.

Niliweka picha tatu. Zile ndogo, saizi ya kitambulisho, nimezibana nyuma kabisa kwa pini. Nilidhani anayeomba haonyeshi mbwembwe. Na muhuri nilikwenda kuuchukua. Mtendaji wetu, dada Ritha, ana karatasi yake iliyokwisha kuchapwa, anajaza jina tu: "Mtajwa ni mkazi wa mtaa wangu, ni mhitaji, naomba asaidiwe." Nililiona lile neno mhitaji. Nilikuwa na nafasi ya kusema dada Ritha, lifute. Sikusema. Nikajiambia huenda litanisaidia. Haya, umejua.

Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, kirikuu cha mizigo kikasimama mlangoni kwetu. Kina bango jeupe limetandazwa ubavuni: "Manubhai na Wanawe Tunawajali Wahitaji." Akashuka dada mmoja na orodha, na kaka mmoja na kamera shingoni. Watu wakajaa. Wakaita majina, mmoja mmoja anakwenda mbele ya bango, anapewa mfuko wa unga, mchele, sukari, tende na mafuta, anapigwa picha, anaondoka. Mimi nipo mlangoni natazama kama wengine, nasema ah, kumbe mzee ana moyo mzuri. Ndipo nikasikia: "Shamsa Mrisho! Shamsa Mrisho yupo?"

Nikaenda. Nikawekewa mfuko mikononi. Yule dada ananiambia, nyoosha mikono kidogo, mwangalie anayekupa, tabasamu.

Nikamwambia, "Dada, mimi niliomba lenzi."

Akapekua karatasi zake vizuri tu, hana ubaya. Akasema, "Hapa umeandikiwa unga."

Masikio yaliniwaka, mjomba. Mtaa mzima unatazama. Mafundi ninaowauzia zipu wapo, jirani zangu wapo, rafiki zake Salma wapo. Nikauweka ule mfuko chini, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Sikuomba unga!" Mama yuko juu dirishani, akapiga ukelele, "Shamsa, unga ni unga, pokea!" Nikamwambia, "Mama, leo hapana."

Nikawaomba fungu langu wampe Bi Zulekha wa chumba cha nyuma, yule mjane, na wampelekee ndani bila picha. Dada wa orodha akasema haiwezekani, kila mfuko lazima urudi na picha yake ofisini. Hapo nikamgeukia mpiga picha, kaka Hillary. Nikamwambia nionyeshe ulichopiga. Akanionyesha. Watu sita waliokwisha kupokea, nyuso zote nyeusi tii kama masufuria ya kuni, jua lipo nyuma yao na bango linang'aa. Jina la kampuni linasomeka vizuri sana. Watu hawapo.

Akaniinamia, akasema polepole, "Dada, mimi ni dereva. Mpiga picha wao yupo likizo."

Na kamera aliyoivaa, mjomba! Na lenzi iliyokuwa juu yake! Ile ile niliyoiandikia barua ya machozi, ipo shingoni kwa dereva, hajui hata inafunguliwa wapi. Nikamwambia nipe. Akanipa, naye akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sikumpiga picha mtu anayepokea. Nilimwita Ismail, kuli wa kwetu, aliyekuwa anashusha magunia yote yale kwenye gari akiwa amefunga, na hakuna aliyemtazama. Nikaingia naye kwenye ukumbi wa nyumba yetu, unaujua ulivyo na giza, mwanga unatoka mlangoni tu. Akaweka gunia begani, akageuza uso kidogo kunisikiliza. Nikapiga. Nikatazama. Mjomba, kila kitu kipo. Jasho lipo, kope zipo, hata ule uchovu wa saa tisa ya mwezi mtukufu upo. Nilipiga kumi na moja, kisha nikamrudishia Hillary kamera yake, na mkono wangu haukutaka.

Unga wangu ulirudi na gari. Bi Zulekha hakupata kitu, kwa ajili ya jeuri yangu. Tangu siku hiyo tunampelekea futari kila jioni, naye ananiombea dua tu, na hilo linaniuma zaidi.

Nilidhani nitaona aibu kukuandikia haya. Naona aibu ya muhuri. Ya pale barabarani sioni.

Shamsa


Kilwa Kivinje
28 Aprili 2025

Mwanangu Shamsa, marahaba.

Usidhani nilinyamaza kwa hasira. Barua yako ilinifikia siku ya pili ya Idi, kisha mvua ikakata barabara, basi zikawa zinageuzia njiani. Kuku wamebaki watano. Mimi mzima.

Nakujibu, na safari hii namjibu na mama yako. Umsomee, usimruke mstari.

Ramadhani ya mwaka jana niliumwa. Kifua. Karibu mwezi mzima sikutoka, na hela niliyokuwa nayo iliishia dawani. Sikuwaambia kwa sababu Mwanamkuu angekuja na magoti yale mabovu, na mimi sikutaka kuonwa na dada yangu nikiwa vile. Siku moja ya kumi la mwisho wakaja watu na gari, wanagawa unga. Sitasema ni nani, wamefanya wema wao. Nilitoka nikapokea. Nilikuwa na njaa, Shamsa. Ule unga niliula na ulikuwa mzuri.

Wakanipiga picha. Ile picha wameibandika ubaoni ofisi ya kata, na bado ipo. Kila nikienda kule kwa shughuli yoyote naiona. Nimenyoosha mikono, mdomo wazi, macho nimefumba. Kijana aliyeipiga hakuniambia mzee fumbua. Mimi niliyewaambia fumbua macho watu wa Kariakoo nzima, maharusi, mahujaji, watoto wa siku arobaini! Picha yangu pekee ya uzeeni ni ile.

Nimelifikiria mwaka mzima. Kuwa na njaa sikuonei haya, hata mitume walikuwa na njaa. Kinachonikera ni kwamba yule kijana alikuja kupiga unga, mimi nikawa meza ya kuuwekea.

Kwa hiyo barua yako ya kwanza ilivyonichoma umeelewa. Nilikuwa nakufokea wewe na nafsi yangu pamoja.

Sasa tuongee kama mafundi. Kosa la muhuri ni lako. Usimtupie Ritha, yeye alijaza jina ulilompa. Uliomba sadaka, ukaletewa sadaka, Manubhai hakukosea kitu hapo. Na Bi Zulekha usiache kumpelekea hata Ramadhani imekwisha.

Lakini nilipofika pale uliposema "nionyeshe ulichopiga," nilisimama. Nikazunguka uani. Nikarudi nikasoma tena, nikamsomea na jirani ambaye hakuniomba. Katika hali ile, mtaa mzima unakutazama, wewe uliangalia mwanga umetoka wapi! Hiyo haifundishwi. Mimi nilikufundisha kushika kamera na kungoja, hiyo nyingine umezaliwa nayo. Najivuna, Shamsa. Najivuna, na ukiona herufi zimepinda usiseme ni uzee.

Wakikupa lenzi au wasikupe, wewe ni mpiga picha.

Abubakary


Kariakoo
8 Juni 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Idi ya kuchinja ilikuwa jana. Nyama yako imo kwenye kifurushi hiki, nimeikausha na chumvi, kondakta nimemwapisha. Barua yako nilimsomea mama kama ulivyosema, sikuruka. Hakulia. Alinuna siku mbili, siku ya tatu akaanza kufunga mzigo. Anakuja Kivinje, na nimeambiwa nikuandikie kwamba hajaomba ruhusa. Bi Zulekha bado anakula kwetu, sasa anasema pilau ya mama ina chumvi nyingi, kwa hiyo amekuwa ndugu.

Haya, mjomba, kaa kwenye kiti.

Wiki mbili baada ya Idi ile ya kwanza alikuja mtu kibandani, dada wa Kihindi wa makamo, kwa miguu, viatu vimejaa tope la mtaro. Anauliza, "Dada wa vifungo anayepiga picha ndiye nani?" Alikuwa Krupa, binti wa Manubhai. Hillary alimwaga picha zote kwenye kompyuta ya ofisi, wakawa wanazifuta zile nyeusi, wakamfikia Ismail. Akauliza nani amepiga hii. Hillary akasema, yule mama aliyekataa unga. Wakatafuta jina langu, wakalikuta kwenye faili la misaada. Barua yangu ilikuwa haijawahi kufika kwenye meza ya udhamini hata siku moja.

Akanitazama, akasema, "Kwa nini uliweka picha tatu ndogo hivi?"

Nikamwambia, "Nilidhani naomba."

Akacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanyaje. Akasema walishachagua wawili, nafasi ya tatu wamekosa mtu wa kuwaridhisha. Akanipa siku tatu. Sikuwa na muda wa kungoja barua yako, ila zile za nyuma nilizitandaza mezani. Nikachapisha picha ishirini, kubwa, ya kwanza ile ya Ismail ambayo Krupa aliniachia nakala. Barua ilikuwa hii tu, nimeinakili neno kwa neno:

"Mimi ni Shamsa Mrisho wa Kariakoo. Kwa miaka minne napiga picha za makuli wanaofanya kazi kwenye stoo za chini ya maghorofa, mahali wateja hawafiki. Wananijua kwa jina na wananiruhusu. Picha hizi ishirini nimezipiga kwa lenzi isiyofaa kwa kazi hii, isipokuwa ya kwanza, ambayo nimeipiga kwa lenzi yenu. Tazameni tofauti. Nikiwa nayo mwaka mmoja, Kariakoo itajiona."

Huruma hamna, muhuri hamna. Mama alisoma akasema, "Mbona una majivuno hivi?" Nikamwambia, kamuulize kaka yako.

Wamenichagua, mjomba! Wamenichagua mimi!

Siku ya kukabidhiwa nilivaa baibui jipya, Salma akanifunga mtandio. Duka lao limepambwa, viti, soda, watu wa magazeti wawili. Mzee Manubhai mwenyewe yupo, ana miaka sabini na sita, mwembamba, amenyooka. Wameandaa boksi kubwa limefungwa utepe, na nyuma yake bango. Jeupe! Wakaniambia nisimame hapa, ninyooshe mikono, nimwangalie mzee.

Mikono ilikataa. Nilikuona wewe pale ubaoni.

Nikasema, "Mzee wangu, nakuheshimu, na zawadi hii naithamini kuliko nitakavyoweza kusema. Lakini sipigwi picha nikipokea. Nikabidhi, halafu niwapige ninyi."

Krupa anatazama sakafu. Mzee akauliza, "Kwa nini?"

Nikajibu, "Kwa sababu mmedhamini mpiga picha. Mtu akiniona nimeshika boksi atajuaje kama najua kulifungua?"

Mjomba, nikasema basi, nimeharibu, Salma atanicheka mpaka uzee. Kisha akavuta koti lake chini likakaa sawa, akaniuliza, "Nisimame wapi?"

Nikalifungua lile boksi mbele ya watu, nikafunga lenzi kwenye kamera. Nikawatoa wote mbele ya bango. Nikampeleka mzee nyuma ya duka, mlangoni mwa stoo yao, mahali mwanga unaingia kwa ubavu, nikamwomba avue miwani. Krupa nikamweka nyuma yake kwenye rafu, na Hillary nikamwita naye aingie, maana bila yeye tusingekuwa pale. Watu wa magazeti wakabaki wananipiga mimi nikipiga. Hiyo ndiyo iliyotoka gazetini, kipande nimekikata, kimo humu. Ya mzee pia imo, niambie kasoro zake.

Nimemwomba Krupa kwamba Ramadhani ijayo wagawe bila kamera. Amesema atazungumza na baba yake. Hajasema ndiyo, na mimi sijaacha kuuliza.

Wiki hii nimeingia stoo ya chini mara nne. Mjomba, naona nyuso.

Wako,
Shamsa


Kilwa Kivinje
22 Juni 2025

Mwanangu Shamsa, marahaba.

Nyama imefika, kondakta hakuikalia. Mama yako naye amefika juzi na mabegi matatu, ameshagombana na jirani kuhusu kuku. Nyumba imepata kelele, na mimi masikio yangu mabovu yananisaidia.

Picha ya Manubhai nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Kasoro ni mbili. Kidole cha mkono wa kushoto umekikata, na Hillary umemsukuma gizani kidogo kuliko anavyostahili. Mengine sina la kusema, na unajua mimi huwa na la kusema. Mzee wa watu anatazama kama mwenye kwake. Ya gazeti nimeibandika ukutani sebuleni, anayeingia lazima aione kabla ya kusalimia. Jana nimemwonyesha muuza samaki, na leo amerudi, nikamwonyesha tena.

Jumatano nilikwenda ofisi ya kata. Nikamwambia yule ofisa, naitaka ile picha. Akaniuliza, mzee, unaitaka ya nini, ni kumbukumbu ya ofisi. Nikamwambia, huyo ni mimi, na sikuulizwa. Akaibandua mwenyewe, akanipa. Ninayo hapa. Sikuichana. Nimeigeuza, nyuma yake ndipo nimeandika orodha ya sokoni ya mama yako.

Sasa nina jambo, na nakuandikia kama mteja.

Nahitaji picha. Moja, kubwa, ya kuning'iniza. Nitakaa uani upande wa jikoni, saa kumi na moja jioni, ukuta wa kule hauakisi. Kanzu nimeshaipeleka kwa dobi. Nimepiga watu miaka thelathini na mmoja na sijawahi kumwachia mtu yeyote anipangie uso wangu, wewe nitakuachia. Ukiniambia inua kidevu nitainua.

Funga kibanda siku mbili uje na lenzi yako. Kabla hujapanda basi niandikie bei yako, ile ya mteja. Ya mjomba siitaki.

Abubakary